Jaji na Mshenga

Juzi nipo kwa kinyozi, mtaani Gungu, redio ikasema Rais kateua majaji wapya wa Mahakama Kuu. Mama muuza mawese, aliyeishtaki serikali kwa kumchukulia kiwanja, akaganda mlangoni.

"Kumbe jaji anateuliwa na Rais?"

"Ndiyo, mama," kinyozi akamjibu. "Ila akishaapa hafukuzwi hovyo, anakaa mpaka astaafu."

Mama akabetua mdomo. "Mshenga katumwa na upande wa bwana, halafu aje aniambie mahari inatosha. We ungemwamini?"

"Jaji siyo mshenga, mama!"

"Haya. Nikirudishiwa kiwanja nitakuamini."

Kinyozi akarudi kichwani kwangu. Shuleni niliandika mahakama iko huru, mwalimu akanipa alama ya vema. Yule mama bado anaisubiri ya kwake.