Diski za Shemeji

Jambo la kwanza ambalo mtu aliligundua kwa mwanamke huyu ni kwamba hakuamini mlango uliofungwa mpaka ausukume. Ukimwambia umeufunga, atakushukuru vizuri, kisha atainuka akausukume kwa kiganja. Alifanya hivyo nyumbani, alifanya hivyo kazini, na siku ya harusi yake, akiwa na shela kichwani, alionekana akiusukuma mlango wa gari kwa ndani kabla dereva hajaondoka. Wenzake ofisini walimbandika jina la Bi Hakika, naye alilipokea bila kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati za wilaya nzima. Mfumo mpya ulikuwa mbioni kuanza: hifadhidata moja iliyosambazwa kwenye seva tatu, ili kila kinachoandikwa kiandikwe kotekote, na seva moja ikifa, zilizobaki ziendelee na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa diski, na kuchagua diski lilikuwa jukumu lake. Mkuu wa idara alitaka sahihi yake asubuhi hiyo hiyo.

Kulikuwa na diski za aina mbili. Za kwanza zilikuwa ghali na za mwendo wa wastani, lakini ndani yake zilikuwa na kapasita, yaani vijidude vinavyoweka akiba ya umeme kidogo, ili umeme ukikatika ghafla diski iweze kumalizia ilichokuwa ikiandika. Za pili zilikuwa za bei nafuu, na kwa mbio hazikuwa na mpinzani. Hizo za pili alizileta shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, hakuwa mtu wa kupita njia. Bi Hakika alipokuwa shuleni, yeye ndiye aliyemruhusu kuketi kwenye duka lake la kutengeneza kompyuta kila baada ya masomo, akafungua mashine na kuzifunga mpaka vidole vikazoea. Sasa duka lilikuwa limedorora, na zabuni hii ya diski ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Ndiyo maana tangu alfajiri Bi Hakika alikuwa amekunja uso.

"Shem, mbona umenuna?" shemeji alimuuliza walipokutana kwenye chumba cha seva. Alikuwa amevaa koti la suti, ingawa chumba chenyewe kilikuwa finyu na nyaya zimetambaa kila pahali. "Leo ni siku ya furaha. Diski zinaruka hizo!"

"Kuruka nimeona. Sijaona zinatuaje."

Mkuu wa idara alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye saa. "Bi Hakika, jamani. Tuna nakala tatu. Moja ikipotea si zipo nyingine? Wasiwasi wa nini?"

Wasiwasi wake ulikuwa huu. Baadhi ya diski za haraka zina tabia moja mbaya: ukizipa kitu cha kuandika hujibu "nimeandika" ilhali bado zimekishika mkononi. Umeme ukikatika hapo, kilichokuwa mkononi kinapotea. Na seva zote tatu zilikuwa ndani ya chumba kimoja, zikila umeme wa swichi moja. Zikizimika, zitazimika pamoja, na zitasahau jambo lile lile kwa pamoja, kama mashahidi waliosinzia kwenye benchi moja.

"Chukulia muuguzi amemchoma mgonjwa sindano," alieleza. "Ameandika kwenye mfumo, na mfumo umemjibu kwamba imehifadhiwa. Umeme unakatika. Muuguzi wa zamu inayofuata anafungua, haoni kitu. Atafanyaje?"

Mkuu wa idara aliacha kutazama saa. "Atamchoma tena," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi tujaribu sasa hivi, yaishe," shemeji alidakia. "Sina cha kuficha mimi."

Bi Hakika alifungua kompyuta yake ndogo, inayotumia betri yake yenyewe, akaielekeza itume namba kwa seva, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Kila mara seva zilipojibu kwamba zimeandika namba fulani, kompyuta ndogo iliiweka namba hiyo. Mwishoni angeziuliza seva: namba yenu ya mwisho ni ipi? Ikiwa ni nyuma ya ile iliyowekwa hapa, basi diski zimedanganya.

Namba zikaanza kumiminika. Shemeji akasogea, akabonyeza vitufe vya kuzimia seva, moja, ya pili, ya tatu. Feni zikapunguza sauti, taa zikapepesa, zikazimika. Zilipowashwa tena, hakukuwa na namba hata moja iliyokosekana.

"Mnaona?" Shemeji alipiga makofi. "Nilisema nini? Shem, lete mkono!"

Mkuu wa idara alishusha pumzi ndefu na kumpa Bi Hakika kalamu. "Haya, mama. Weka sahihi tukale."

Aliishika kalamu. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Alijua ni dada. Alikuwa amekwisha kuinama juu ya karatasi alipokumbuka zile taa. Baada ya vitufe kubonyezwa, taa za diski zilikuwa zimeendelea kupepesa kidogo kabla ya kuzimika. Zilikuwa zikifanya nini wakati ule? Zilikuwa zikimalizia. Kitufe kinaaga. Kinaiambia mashine, jiandae, tunaondoka. Umeme ukikatika haumuagi mtu.

"Hili si jaribio," alisema, akairudisha kalamu mezani. "Tumezipigia hodi. Lazima tukate swichi kubwa, na betri ya akiba inayozishikilia seva umeme ukipotea tuitoe kabisa."

"Utaziunguza!" mkuu wa idara aling'aka.

"Zahanati zikianza kutumia mfumo, umeme utakatika tu, bosi. Bora ukatike leo tukiwa tunatazama."

Shemeji hakuwa anacheka tena. Alivua koti, akalikunja, akakosa pa kuliweka. "Kwa hiyo unaniona tapeli."

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Nimekuonyesha kushika bisibisi mimi! Leo unanisimamisha hapa kama mwizi wa kuku?"

Maneno yalimchoma. Simu ikatetemeka tena, na safari hii aliipokea, akageukia ukutani.

"Mdogo wangu," sauti ya dada ilikuwa imefifia, "vipi huko? Shemeji yako tangu jana hajatia kitu mdomoni. Niambie imepita."

"Bado, dada."

"Bado nini? Si ni wewe unayesaini?"

"Ni mimi. Ndiyo maana bado."

Kisha dada akasema taratibu, "Ukimaliza nipigie wewe mwenyewe. Usimwache yeye anipigie," akakata.

Bi Hakika alibaki ameelekea ukutani mpaka macho yalipomkauka. Alipogeuka, alimkuta shemeji amekaa juu ya boksi, ameshika diski moja ya ziada, anaigeuzageuza kama embe asilojua limeiva au la.

"Niliwauliza wanaonisambazia," shemeji alisema bila kuinua uso. "Kama zinamalizia umeme ukikatika. Wakaniambia zina kasi sana. Nikauliza tena, wakaniambia zina kasi sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekubali nizilete hapa?"

Bi Hakika aliketi kando yake. "Shemeji, zikishindwa nitasema zimeshindwa, mbele ya bosi, na wewe ukiwepo."

"Na zikifaulu?"

"Nitasema zimefaulu, na nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele."

Shemeji alimtazama, akaguna, akainuka. Fundi umeme aliyeitwa na mkuu wa idara alikuwa amekwisha kuitoa betri ya akiba, na sasa alinyoosha mkono kwenye swichi kubwa ukutani. Shemeji akamzuia. "Acha, fundi. Kama ni kunizika, nitajifukia mwenyewe."

Namba zikaanza kumiminika tena kwenye skrini ya kompyuta ndogo. Bi Hakika aliziacha zishike kasi, zikawa hazisomeki, mstari juu ya mstari.

"Sasa," alisema.

Shemeji akaishusha swichi.

Hakuna kilichopepesa. Feni zilikatika pumzi kwa pamoja, na chumba kikawa na ukimya ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuusikia. Kwenye kompyuta ndogo namba ya mwisho ilisimama, imeganda, inawatazama.

"Washa," Bi Hakika alisema.

Umeme ukarudi. Seva ya kwanza ilikohoa, feni ikaanza kuvuma. Ya pili ikafuata. Ya tatu ilijivuta mpaka mkuu wa idara akashika kichwa, kisha nayo ikaamka. Bi Hakika aliandika swali lake na kulituma. Shemeji alisimama nyuma yake, mkono wake umeng'ang'ania mgongo wa kiti, na jasho lake likadondoka begani kwa Bi Hakika bila mmoja wao kulipangusa.

Seva zilikuwa zikikagua nakala zao, zikiulizana zenyewe kwa zenyewe kabla ya kujibu. Kwenye skrini alama ndogo ilikuwa ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika, mahali ambapo jibu lingetokea.