Fimbo Niliyoikanyaga

Mjukuu wangu, sogea karibu nikusimulie siku niliyomshinda mtu kisha nikajuta. Ilikuwa Saba Saba, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Kijiji chetu cha ujamaa, huku upande wa Ilongero, kilikuwa kipya kabisa. Hata ng'ombe jioni walikuwa bado wanageukia njia za maboma ya zamani, tunawarudisha kwa kelele.

Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Alipata mabinti watatu, na sisi ndio tuliochunga. Kwa hiyo alitufundisha mchezo wa fimbo kama alivyofundishwa na baba yake: fimbo mkono wa kulia, ngao ndogo ya ngozi mkono wa kushoto. Kila jioni tukishamaliza kukamua, tulicheza mbele ya zizi. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Kutwa nzima ungepata kwake "haya" na "sawa" tu. Lakini akishika fimbo alibadilika. Alicheka, alitutania, alitusimulia utoto wake. Mama naye alileta kigoda chake akakaa kutuangalia huku akibangua karanga. Sijawahi kuwaona wazazi wangu wakiwa na furaha kama saa zile.

Tulipohamia kijijini, vijana walikuwa wakipigana kila palipo na pombe ya mtama. Waliotoka kilima hiki hawakuelewana na waliotoka kilima kile. Katibu wa kijiji akamwomba baba awafundishe wote mchezo ule, wapate pa kumalizia nguvu zao. Wakaja kumi na wawili. Hodari wao aliitwa Sungi, mtoto wa pekee wa mama mmoja mjane, kijana mpole aliyecheza vizuri mpaka baba akawa anatabasamu akimtazama.

Siku ya Saba Saba vijana walitakiwa kucheza mbele ya kijiji chote, na wageni kutoka Singida mjini walikuwepo. Asubuhi ile kijana aliyepangwa kucheza na Sungi alishikwa na homa. Baba akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniita.

"Zuhura, chukua fimbo. Utacheza na Sungi."

Watu waliguna. Msichana. Nami, mwanangu, ile miguno ilinipanda kichwani. Nilicheza siku ile kama niliyewashwa moto. Sungi alinizuia, akanizungusha, vumbi likapanda, na mwisho nikaipiga fimbo yake karibu na alipoishika, ikamtoka mkononi.

Sasa kuna kanuni ambayo baba alitufundisha kabla hata hajatuonyesha namna ya kusimama. Fimbo ya mwenzako ikianguka, unashusha yako, unaokota ile, unamrudishia kwa mikono miwili. Hapo ndipo unahesabiwa umeshinda. Mimi niliikanyaga. Nikaweka mguu juu ya fimbo ya Sungi, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kama mama yako alikutuma kuni, hukupaswa kupitia huku."

Watu walicheka sana. Nilijiona mkubwa kuliko kilima. Sungi aligeuka akaenda zake, na mama yake akaondoka nyuma yake akiwa ameinamisha kichwa.

Nyumbani baba alinichukua fimbo yangu akaichomeka darini.

"Sungi ana baba?" akaniuliza.

"Hana."

"Ana nani?"

"Ana mama yake."

"Na leo umemcheka nani mbele ya watu?"

Baba akasema, "Nimekufundisha mkono miaka saba. Nilidhani na mengine yanaingia." Akatoka nje. Hakunipiga, hakunigombeza zaidi. Ningeona afadhali anipige.

Siku zilizofuata Sungi hakuja mazoezini. Kisha dada yangu akaleta habari kutoka kisimani: Sungi anaondoka kwenda Tanga kukata mkonge, lori la Ijumaa, na mama yake hali chakula. Siku zile wengi walikwenda huko wasirudi. Nilikaa na habari ile siku nzima.

Asubuhi yake nilijipa moyo nikaenda kwao, nimebeba ile fimbo yake aliyoiacha uwanjani. Nilimkuta mama yake anapura mtama peke yake. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, bila kuinua macho.

Nikachukua mti wa kupuria nikajiunga naye. Tulipura hadi jua likawa utosini. Viganja vyangu vilitoka malengelenge. Ndipo Sungi alipotoka ndani, na mlangoni nikaona mzigo wake umeshafungwa kwa kitenge. Nikamnyooshea fimbo kwa mikono miwili, nikamwomba radhi.

Hakuipokea. "Ulinitukana mbele ya kijiji," alisema taratibu, "halafu unaniomba radhi uani."

Alisema kweli. Basi siku iliyofuata, Alhamisi, vijana na wazazi walipokusanyika uwanjani, niliomba ruhusa kwa baba nikasimama katikati. Nilisema, "Nilimshinda Sungi kwa mkono, lakini nilivunja kanuni nikamtukana, pamoja na mama yake ambaye ni mama yangu. Mama, naomba unisamehe. Sungi, nisamehe." Sungi alikuwa nyuma ya watu. Alikuwa amekuja kuaga. Akapita katikati yao, akapokea fimbo yake.

Baba akaitoa ile yangu kwenye kwapa lake. Sikujua kwamba alikuja nayo. "Chezeni," akasema.

Tulicheza, na safari hii yangu ndiyo iliyoruka. Nikasubiri. Alikuwa na haki ya kunilipa, na kila mtu alijua. Sungi akashusha yake, akaiokota yangu, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa uso mkavu, "Huyu hakushindwa na mimi. Ameshindwa na mtama wa mama."

Kijiji kizima kilicheka, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Mama yake akapiga vigelegele. Lori la Ijumaa liliondoka bila Sungi, na tangu hapo wazazi wa vilima vyote walikuja kutuangalia kila jioni. Walianza kwa kukaa mbalimbali, wakaja wakachanganyika, wakaishia kuleteana uji na kushikiana watoto.

Najua unachotaka kuuliza. Hapana, sikuolewa na Sungi. Niliolewa Ulemo na babu yako, fundi baiskeli, ambaye hakuweza kushika fimbo hata ya kuswagia mbuzi. Sungi alifundisha vijana mpaka mvi zikamjaa, na harusini kwangu yeye ndiye aliyecheza na baba.

Wanangu nao niliwafundisha, wa kike na wa kiume. Wakigombana niliwatoa nje wacheze kwa kanuni, na walirudi wamechoka, wana njaa, wanakula sahani moja.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: jifunze mchezo huu, na watoto wako wafundishe wewe mwenyewe, usiwaachie wengine, maana mzazi anayecheza na mwanawe husikia mambo ambayo hataambiwa mezani. Mchezo huu utakupa mwili imara na usingizi mzuri. Lakini ukimwangusha mtu, mwinue kabla hujajisifu, na ukikosea mbele ya watu, tubu mbele ya watu hao hao, hata kama unaona aibu.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo wa upole. Nyumba yako isikaukiwe kicheko, na wanao wakuamkie miaka mingi ukiwa na sauti ya kuwaitikia.