Injini Kutoka Campbelltown

Mashine ya kukatia maboksi ilipoondoka na vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, kaka yangu ndiye aliyefika hospitalini wa kwanza. Alisimama kando ya kitanda, akautazama ule mkono uliofungwa bendeji, akasema, "Kuanzia leo fungu lako la kumi litakuwa fungu la nane." Nesi, Mkenya mwenzetu, aligeuka akajifanya anarekebisha dripu.

Kaka alinitangulia Sydney, na ndiye aliyenivuta nije. Kwetu, akisema neno likakuchoma, kosa ni lako kwa kuwa na ngozi nyepesi. Mama husema ulimi wake ni mkali ila moyo wake ni safi. Ulimi nimeuona. Moyo namwachia Mama.

Kiwanda hakikunirudisha kazini. Nilikaa mtaa wa Lidcombe, kwenye fleti ninayoishi na mke wangu, pazia limefungwa, nikawa silali wala sili. Mtaalamu wa mazoezi alinipa mpira wa kufinya, nami nikautupa chini ya kochi. Hapo ndipo Kaka alipopiga simu. Alikuwa amenunua bodi ya gari la miaka ya thelathini, limeliwa na kutu, halina injini, halina viti, halina sakafu. Alitaka kulifanya hotrodi, yale magari ya zamani ambayo watu huku huyavua madigadi, huyashusha paa, kisha huyatia injini ya kuamsha mtaa.

"Mimi Baba alinifundisha kuosha magari," alisema. "Wewe alikufundisha kuyafungua. Njoo uchague injini."

Maneno hayo yalinitoa kitandani. Baba alikuwa na gereji Nakuru, na tangu azikwe hakuna mtu aliyekuwa amenikumbusha kwamba nilikuwa fundi kabla ya kuwa mpakiaji wa maboksi.

Gari lilikuwa kwenye gereji nyuma ya nyumba yake Smithfield. Nilipima pua yake, nikalala chini nikaitazama chasisi. Rafiki zake wawili walikuwapo, wanywaji wake wa Jumamosi, na wote watatu walikuwa wanaota V8, injini kubwa ya silinda nane.

"Hili gari lina pua nyembamba," niliwaambia. "Ukiingiza V8 utakata ukuta wa mbele, utahamisha usukani, na ekzosi itakuchoma magoti. Linataka silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Tunazipa kabureta tatu, na litanguruma mpaka mlipishe njia."

"Sawa, fundi," alisema Kaka. Aliwatazama rafiki zake, nao wakatazama chini. Nilidhani ni heshima.

Nilizunguka karibu kila yadi ya magari mabovu upande huu wa jiji. Injini moja ilikuwa imepasuka ubavuni, nyingine imepigwa rangi juu ya kutu ili imdanganye mjinga. Niliyoitaka niliipata Campbelltown, kwenye banda la kuku lisilo na kuku, kwa mjane wa Kizungu. Ilikuwa ya hapa hapa Australia, ya zamani, imefunikwa turubai. Nilitia spana kwenye krenki nikasukuma, nayo ikazunguka, kwa shida, lakini ikazunguka. Yule mama aliniambia mumewe alikufa akitaka kuisikia tena. Akaniuliza kama nitaiwasha. Nikamwahidi.

Majira yote ya baridi nilikuwa kwenye ile gereji. Nilifungua kila kitu. Nilisaga vali moja moja, nikabadilisha ringi za pistoni, nikasugua uchafu wa miaka kwa brashi ya meno. Nati ndogo zilinishinda mwanzoni. Zilianguka, nikainama, zikaanguka tena. Nilijifunza kuzishika kati ya kidole gumba na kiganja. Kuna siku kovu lilipasuka, nikafunga mkono kwa kitambaa, nikaendelea. Nyumbani nilikula, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Mke wangu alinitazama usiku akanyamaza, na ukimya ule niliuona kuwa furaha.

Jumamosi rafiki zake Kaka walileta viti wakakaa kunitazama. Nati ikianguka, walihesabu kwa pamoja. Mmoja wao alinipiga picha za video. Kaka aliwakemea, "Mwacheni, anaendelea vizuri." Nilimshukuru moyoni.

Siku ya kuiwasha Kaka aliita watu, akachoma nyama, wanawake wakaleta wali na kachumbari. Injini ilikuwa juu ya fremu ya chuma, redieta imeegeshwa mbele yake. Iligoma, ikakohoa, halafu ikashika, ikatulia kwa sauti nzito isiyotetemeka. Nililia mbele ya watu. Kaka alinikumbatia, akapiga makofi, akasema, "Haya, zima sasa."

Nikazima. Akapiga mluzi. Lori dogo la rafiki yake likaingia kinyumenyume, na nyuma yake kulikuwa na V8 imefungwa nailoni.

"Ya nini hiyo?" niliuliza.

"Ya gari."

"Na hii?"

"Hii ilikuwa mazoezi yako. Si daktari alitaka ukunje vidole? Mpira uliukataa." Akawageukia wageni. "Hii V8 nilinunua hata kabla hajaenda Campbelltown. Imelala kwa store ya huyu jamaa wakati wote huo."

Walicheka. Sidhani wote walitaka kucheka, ila nyama ilikuwa yake na nyumba ilikuwa yake. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa kwenye sufuria ya wali, anakoroga wali uliokwisha kuiva.

Kwenye treni ya kurudi nilimuuliza kama alijua.

"Kaka yako aliniambia mapema," alisema.

"Ukaninyamazia."

"Ulikuwa umeanza kulala. Ulikuwa unakula. Ningekuambia ili iweje?"

Swali hilo liliniuma kuliko kicheko chao.

Nilipopata nguvu ya kurudi kuichukua injini, haikuwapo. Kaka alikuwa amemwaga oili na kuipeleka kwa fundi wa vyuma. Niliiona tena Krismasi, sebuleni kwake. Ilikuwa imeng'olewa kila nilichokifunga, ikapigwa rangi nyeusi inayong'aa, ikawekewa kioo juu. Ikawa meza. Kwenye matundu ya silinda mke wa Kaka alikuwa ameweka mishumaa.

"Mdogo wangu ndiye aliyeitengeneza," Kaka aliwaambia wageni, "kwa vidole vinane." Wakaisifu sana. Nilipotua glasi yangu, shemeji aliniletea kitambaa. "Weka hiki chini, shemeji. Kioo kinashika alama."

Ningependa kusema lile gari lilimuumbua. Niliomba limuumbue. Walikata ukuta wa mbele kama nilivyosema, wakahamisha usukani kama nilivyosema, kisha mhandisi akalikagua na kutia sahihi kwamba linafaa barabarani. Halichemki, halizimiki. Ni zuri. Likipita Smithfield watu hutoka madukani na simu zao.

Mwaka huu alinipigia. Amepata bodi nyingine. "Njoo uchague injini," alisema. "Wewe ndiye mwenye jicho."

"Nipe kwanza ile meza."

"Meza?" Alicheka. "Shemeji yako atanifukuza kwa hii nyumba."

"Basi chagua mwenyewe."

"Acha utoto. Ulikuwa mzaha tu. Na si ulipona?"

Nilikata simu. Kesho yake Mama alipiga kutoka Nakuru kuniambia nimwombe Kaka msamaha, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Sijaomba, wala sijakanyaga kwake.

Kaka hakunifuata. Aliwaambia tu watu wa kanisani, kwa huruma, kwamba ile mashine haikuchukua vidole peke yake, kuna kitu kiliguswa kichwani pia, waniombee. Siku hizi baada ya ibada watu hunisemesha polepole, kwa sauti iliyopanda kidogo, wakinishika bega, kama mke wangu anavyowasemesha wazee kwenye makao ya wazee anakofanya kazi. Nikijibu kwa ukali, hutazamana, wakatikisa vichwa.