Mkia wa Tela Kwenye Kona ya Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kofia ngumu, redio ya mkononi na mkia. Fundi mkuu wa kampuni ya kusafirisha mizigo mirefu alinipeleka nyuma ya lobedi, lile tela la chini la kubebea mitambo, akanionyesha ekseli za mwisho.

"Dereva anaona mbele tu," akasema. "Magurudumu haya yanakata kona kivyake, na wewe ndiye utakayeyaongoza. Kichwa kikikosea tutalaumu barabara. Mkia ukikosea tutakulaumu wewe."

Basi nikawa mshika mkia. Ninyi vijana mkiona mzigo mrefu unapita mnamsifu dereva, na ni haki yake. Lakini nyuma kuna mtu anatembea kwa miguu, rimoti ya kugeuzia magurudumu kifuani, anakula vumbi. Mimi ni Mkurya wa Genkuru, nimekua nikitembea nyuma ya ng'ombe wa plau. Vumbi halikuwa jambo geni kwangu.

Nilianzia bandarini, nikahamishiwa Mwanza chini ya msimamizi mmoja mkali, asiyeamini kibali cha barabara mpaka apime daraja kwa kamba yake mwenyewe. Tukiwa naye tulipeleka boriti za daraja Nyambureti, kisha tangi la maji Robanda, ambako tulisubiri tembo watoke njiani kwa hiari yao, maana bendera nyekundu hawaijui. Niliipenda kazi ile, sifichi. Mzigo mrefu hauna haraka, na mimi vilevile.

Halafu ukaja mzigo wa mgodini, vyuma virefu vya kuezekea karakana. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya kawaida, ikabaki ile inayopinda penye boma letu. Ili mkia upite, lazima ukate ndani ya uzio wetu wa minyaa. Na nyuma ya minyaa ile tulikuwa tumemzika mama, kaburi bado udongo mtupu.

Meneja wa usafirishaji alikuja mwenyewe kumwomba kaka yangu Chacha, mkubwa wa nyumba yetu. Chacha alikubali uzio ukatwe. Kisha akanigeukia.

"Mura, mdogo wangu, minyaa itaota tena. Ila gurudumu likimkanyaga mama, mimi na wewe hatuli tena sahani moja."

Hakuwa anatania. Meneja akaniita pembeni, akasema angempa mwenzangu rimoti. Nilikataa. Mwingine angeona rundo la udongo tu.

Siku ya kupita, kijiji kizima kilikuja kutazama. Dereva aliingiza kichwa kwenye kona, nami nikaanza kugeuza ekseli. Udongo ulikuwa laini. Mkia ukaanza kuvutwa kuelekea kaburini, na kila nilivyorekebisha ulizidi kusogea.

"Simama!" nikapiga kelele redioni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

Chacha akaja mpaka kaburini, akasimama akiliangalia, kanipa mgongo.

"Unamtazama mama," akasema. "Umesahau plau? Ukilikodolea macho jiwe, ng'ombe wanakwenda kwenye jiwe. Mama namtazama mimi. Wewe tazama njia!"

Ni kweli, macho yangu hayakuwa yametoka kwenye ule udongo. Nikayapeleka upande wa pili, kwenye nyasi tulikotaka kutokea, nikamwambia dereva avute taratibu. Mkia ukajinyoosha, ukapita.

Chacha akainama, akalaza kiganja kati ya alama ya tairi na kaburi. Kilienea, na nafasi ikabaki. Akajipangusa mikono.

"Twende tukale," akasema.

Redioni meneja alikuwa anauliza mkia uko wapi. Nilimjibu kwamba mkia unakula ugali kwao, asubiri kidogo. Kwa bahati alicheka.

Sasa nimestaafu, nakaa humohumo bomani, na sina kinyongo na maisha. Kazi imenilisha, imenitembeza, na haikunitenga na watu wangu. Nikisikia ving'ora vya msafara natoka hadi kwenye uzio, naangalia mshika mkia wa leo anavyofanya. Wengine ni wazuri. Wengine wanachezea simu.

Ndiyo maana nimeshamwambia Chacha: siku yangu ikifika, mama abaki pale alipo, alishazoea. Mimi nizikeni nyuma ya nyumba, mbali na kona.