Bwawa la Ratemo na Ua Wake

Mume wangu Ratemo alitunza bwawa la kuogelea la meneja mzungu kule Kericho kwa muda mrefu hata akasahau kwamba si lake. Aliporudi nyumbani Kiogoro mwaka 1972, kabla hata ya kukagua chai, alianza kuchimba la kwake chini ya chemchemi. Akalisakafia kwa simiti, akalijengea na ngazi. Mimi nilikuwa nimeomba choo kipya.

Mjukuu wetu Esnah alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Nilipoona lile shimo, usingizi ulinipaa.

"Baba Makori, weka ua kabla maji hayajajaa."

"Vya kujengea ua ninavyo."

Ni kweli, alikuwa na vitu viwili: vioo vikubwa vyenye fremu za mbao, alivyopewa na meneja alipobomoa kibanda chake cha maua, na mabati ya alumini yaliyobaki tulipoezeka nyumba. Akavipanga nyasini, akavizunguka asubuhi nzima kama mtu anayechagua ng'ombe wa mahari.

Nilimwambia aweke vioo. Nikiwa jikoni nione maji, nione na mtoto.

"Na nikioga?" akaniuliza. "Bathsheba apite na mtungi, anione hivi nilivyozaliwa? Unataka nihame?"

Bathsheba ni mama yake Esnah, mke wa mwanetu Makori, na kwetu mkaza mwana na baba mkwe wana ensoni, ile heshima inayowazuia hata kupeana mikono, sembuse kuonana uchi. Basi mabati yakapigwa misumari. Ratemo akatoa na sheria: akiwa ndani, shati lake litakuwa juu ya mlango. Ukiona shati, pita mbali.

"Meneja wako alifanya hivyo?"

"Meneja hakuwa na mkaza mwana."

Siku moja nilikuwa nachuma chai, nikamsikia Bathsheba akiniita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nikatupa kikapu, nikakimbia. Nilimkuta nje ya mabati, ameupa mlango mgongo.

"Mama, Esnah amepita chini ya mlango! Namwita baba, hajibu. Na shati lake hili hapa!"

Niliupiga mlango teke. Ratemo hakuwamo. Esnah alikuwa ameketi kwenye ngazi, maji yamemfika kifuani, anayapiga kwa viganja na kucheka. Ngazi iliyofuata ingemmeza. Nilimnyakua hata nikamliza.

Jioni Ratemo alirudi kutoka Mosocho, amevaa shati jingine.

"Lile nililifua," akasema. "Nililianika tu. Hamkuona limelowa?"

"Baba Makori! Mkaza mwana ashike shati la baba mkwe apime kama limelowa?"

"Mngeuliza nimekwenda wapi."

"Tumuulize nani, shati?"

"Basi nitaongeza bati pale chini ya mlango, yaishe."

Yaishe! Bathsheba alinitangulia kujibu. Alikuwa anamenya ndizi upande wa pili wa ukuta wa jikoni, na hakutoka.

"Mama, mwambie baba hivi. Siku nyingine mtoto akiwa mle ndani, nitaingia. Shati liwepo, lisiwepo."

Ratemo alivuta kikombe chake. Akanywa chai yote bila kuipuliza. Asubuhi nilisikia misumari ikilia, inang'olewa kwenye mabati.

Sasa vioo vimesimama na mlango umeshushwa hadi chini. Ratemo anaogea bafuni kwa karai, akinung'unika kwamba magoti hayapati nafasi. Nami kila siku nafuta alama za pua za watoto wa majirani, wanaokuja kutazama maji ambayo hayaogelewi na mtu.