Tangi Limejaa, Geji Inasema Tupu

Alhamisi alasiri nilikuta watu wamekusanyika nje ya msikiti wa mtaa wetu hapa Garissa, wote wakitazama juu. Mashine yenye mkono mrefu wa kuinua mafundi ilikuwa imezima ghafla, na kwenye kikapu chake, usawa wa mnara, alisimama fundi wa vipaza sauti.

"Abaayo, dada yangu, geji inasema tangi tupu!" alimpazia sauti mekanika, dada aliyevaa hijabu na ovaroli. "Wallahi asubuhi nimejaza dizeli mimi mwenyewe!"

"Nikushushe kwa pampu ya mkono?"

"Hapana! Magharibi inakaribia na spika bado sijafunga!"

Dada akafungua tangi, akachungulia, akacheka. Dizeli ilikuwa tele; mashine ilijizima yenyewe kwa kudanganywa kwamba mafuta yameisha. Akaingia chini ya mashine na kipima umeme, akafuata waya wa kihisi cha mafuta kwa kidole, polepole, kama mama anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto. Kidole kikasimama mahali waya ulipokuwa umesuguana na chuma hadi shaba ikaonekana. Akaukata, akauunga upya, akauzungushia tepu.

"Washa!"

Injini ikanguruma, nasi tukapiga makofi. Baada ya muda vipaza sauti vikakwaruza, kisha mtaa mzima ukasikia: "Moja, mbili... Abaayo, mahadsanid! Asante sana!"

Dada akaficha uso kwa viganja, mabega yakitikisika kwa kicheko. Wengi wetu hushukuriwa kwa kunong'onezewa, kama siri. Yeye alishukuriwa mpaka ng'ambo ya Mto Tana.