Hii Tatu Ilienda Wapi?

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa vita, hapa hapa mtaani kwetu Mikelenge. Treni ilikuwa haifiki tena, na sabuni tulikuwa tunaisikia tu. Mama alibakiwa na bidoni moja, dumu zima, ya mafuta ya mawese, na soda ya kupikia sabuni aliyoitafuta kwa shida. Hakuwa amewahi kupika sabuni, akanituma shuleni nimletee kipimo: soda kiasi gani kwa mafuta yale? Tukikosea yameharibika, na mengine hayapo.

Mwalimu wetu wa kemia, mzee Ramazani, aliiandika hesabu hiyo ubaoni. Kila mtu akaifanya, kisha Mwalimu akatubadilishia karatasi tusahihishane. Mimi nikapewa ya Zaina, rafiki yangu. Jibu lake lilikuwa mara tatu ya langu. Sikujiuliza mara mbili, nikachora msalaba mkubwa.

Mwalimu akainama juu ya benchi yangu.

"Musalaba ya nini? Unionyeshe mustari yenye alipotea."

"Sijue, Mwalimu. Jibu yake haiko sawa na yangu."

"Basi unajua aje kama si weye njo ulipotea?"

Niliona haya, tena nikachanganyikiwa kabisa. Nikafuata mistari ya Zaina mmoja mmoja, kosa silioni, na kichwa kinazidi kuvurugika. Nikachungulia karatasi yangu mikononi mwa Zaina. Haikuwa na msalaba. Kando ya mlinganyo wangu alikuwa ameandika swali tu: "Hii tatu ilienda wapi?"

Kweli, molekuli moja ya mafuta hula tatu za soda. Tatu hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, halafu kwenye hesabu nikaipita. Mpaka leo sielewi macho yangu yalikuwa wapi.

Nilimpelekea mama kipimo cha Zaina. Kesho yake sabuni ilikuwa imeganda. Mama akakata kipande cha kwanza, akasema, "Hii ni ya Zaina."

Sasa wewe jana ulirudi umenuna, eti hesabu yako imesahihishwa na mwenzako badala ya mwalimu! Sikiliza. Akikuwekea msalaba mtupu, mwambie akuonyeshe mstari. Na ukishika karatasi ya mtu, usitafute humo jibu lako wewe. Fuata njia yake, na usipoelewa, andika kwamba huelewi, wala usione haya. Mwalimu angenipa jibu, ningelinakili na kulisahau. Swali la Zaina bado ninalo.

Haya, nenda shule. Mungu akufungulie akili, akupe na Zaina wako.